Farasi mzuri, bei mbaya: jibu kwa dada wa Toi anayekwenda mbio za Ngong

Swali: "Mzee, salamu. Mimi nauza mitumba soko la Toi. Mteja wangu amenialika Jumapili twende mbio za farasi pale Ngong Racecourse. Hilo lango nalipita na matatu kila siku lakini sijawahi kuingia. Nitakuwa na shilingi 3,000 za kuweka dau na nimeambiwa kuna mbio saba. Kuna kijana ananipigia simu anataka kuniuzia 'farasi wa uhakika', anasema ana watu wake ndani ya mazizi. Nimwamini? Na kama si yeye, nitachaguaje farasi, na niweke ngapi kwa kila mbio?"

Dada yangu, umeuliza vizuri. Wengi huniuliza nani atashinda, basi. Wewe umetaja pesa uliyo nayo, idadi ya mbio na mtu anayetaka kukuuzia jibu, na yote matatu yana majibu. Kijana usimpe hata shilingi. Mbio saba usizicheze zote. Mbili zinatosha, tatu zikizidi. Na kuhusu kuchagua, kazi yenyewe unaifanya kila asubuhi robota likifunguliwa pale Toi, ila hujajua kwamba ni ileile.

Robota likikatwa kamba hukimbilii koti linalong'aa kuliko yote. Unalishika, unapapasa kola, unaangalia zipu, unajiuliza hili nitaliuza ngapi. Ukishajijibu ndipo unasikiliza mwenye robota anataka ngapi. Koti la kamera, lile la daraja la juu kabisa, ukilichukua kwa 1,200 na soko lako halivuki 900, umenunua hasara nzuri kwa macho. Sweta la kawaida la 80 linalotoka kwa 250 ndilo linalolipa kodi ya kibanda. Kwenye farasi ni vivyo hivyo. Kuna farasi mzuri sana aliye ghali kupita kiasi, na kuna farasi wa wastani ambaye umati umempuuza. Anayeweka dau kwa akili hupima kwanza, huandika kipimo chake, halafu ndipo anatazama ubao wa malipo. Watu wengi hutazama ubao kwanza, na wakishautazama macho yao hayako huru tena.

Nikueleze ghali na rahisi maana yake ni nini huko, kwa sababu tarakimu zinakwenda kinyume na soko. Ubao ukionyesha 2, maana yake kila shilingi moja inarudi mbili, pamoja na ile uliyoweka. Huyo ni farasi ghali. Ukionyesha 10, shilingi inarudi kumi. Huyo ni rahisi. Tarakimu ndogo, farasi ghali.

Ukinunua tiketi ya toti, yaani dau la chungu cha pamoja cha uwanja, hakuna mtu anayepanga malipo hayo. Yanapangwa na umati. Mfumo huo ulibuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, na hesabu yake haijabadilika. Pesa zote za mbio moja huingia chungu kimoja. Tuseme zimefika 100,000. Wenye uwanja wanakata fungu lao, kwa mfano asilimia 20, zinabaki 80,000. Kama tiketi za farasi namba 3 zilikuwa za 20,000 na ameshinda, 80,000 zinagawanywa kwa 20,000, na kila shilingi inalipwa nne. Kwa hiyo mshindani wako ni wale walio kwenye foleni mbele yako na nyuma yako. Wakikosea kwa wingi, wewe unalipwa makosa yao. Wakiwa sahihi, mnagawana kidogo, na fungu la nyumba, yaani la wenye uwanja, limeshaondoka. Fungu hilo hutofautiana nchi na nchi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25, na dau za kuchanganya farasi wawili watatu kwa kawaida hukatwa zaidi ya zile za mshindi mmoja. Ukicheza kila mbio bila sababu, fungu hilo peke yake litakumaliza. Ndiyo maana nakukataza mbio zote saba. Bukimeka, mtu anayepokea dau kwa biashara yake binafsi, yeye anakupa malipo yake mwenyewe, na ukishakubaliana naye hayabadiliki, wakati toti inapanda na kushuka mpaka dirisha linapofungwa. Ukifika uliza mapema unanunua kwa nani.

Uone jinsi farasi bora anavyoweza kuwa biashara mbovu. Tarehe 9 Juni 1973, Secretariat alikimbia Belmont Stakes huko New York, umbali wa karibu mita 2400, akamaliza kwa dakika 2 na sekunde 24 akiwa mbele kwa urefu wa farasi 31. Sijui mbio nyingine za kutetemesha mwili kama zile. Waliokuja nyuma walikuwa mbali mno. Aliyeweka dola 2 alilipwa dola 2 na senti 20, faida ya senti 20. Tiketi za ushindi 5,617 hazikurudishwa kulipwa kabisa, kwani wenyewe waliona karatasi ina thamani kuliko malipo. Uhakika, hata ukiwepo kweli, huuzwa ghali hivyo.

Usije ukadhani umati ni wajinga. Katika nchi nyingi farasi anayependwa zaidi kwenye ubao hushinda karibu mbio moja katika kila tatu, na hakuna mtu mmoja anayekisia vizuri hivyo mwaka mzima bila kazi kubwa. Makosa ya umati yana tabia yake. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Griffith, alionyesha kwamba watu huweka pesa nyingi mno kwa farasi wasio na matumaini, wanaolipa makumi kwa moja, na pungufu kwa wanaopendwa. Tangu hapo jambo hilo limepimwa mara nyingi, ingawa si kila uwanja unalionyesha. Ndoto huuzwa ghali kuliko thamani yake. Kwa hiyo shilingi 50 kwa farasi wa 60 "kwa bahati nasibu" ndiyo tiketi mbaya kuliko zote utakazoziona Jumapili.

Sasa tuingie kwenye kitabu cha mbio, kile kijitabu utakachonunua langoni au kukisoma siku mbili kabla kwa simu. Kila farasi ana umri wake, uzito atakaobeba, jina la mpandaji, la mkufunzi, na tarakimu za mbio zake zilizopita. Mgeni husoma tarakimu tu: huyu ana 1, huyu ana 2, basi ni hao. Lakini wa kwanza dhidi ya nani? Farasi anayetoka kushinda mbio za waliokuwa hawajawahi kushinda, leo anakutana na washindi watupu. Mwingine amemaliza wa tano mara mbili dhidi ya wakali, leo ameshushwa daraja. Wa tano huyo ana haki ya kutazamwa mbele ya yule wa kwanza. Tazama pia umbali. Aliyeshinda mita 1000 akiwa anapumua kwa shida mwishoni hatakuwa mtu wa mita 1600. Haya mawili, daraja na umbali, yanachuja nusu ya farasi kwa dakika tano.

Uzito unahitaji subira zaidi, na ndipo penye faida. Katika mbio za handikapu, farasi aliyefanya vizuri hubebeshwa zaidi na aliyebaki nyuma hupunguziwa. Anayepanga uzito anataka wote wafike mstarini pua kwa pua. Uzito huo ni wa mpandaji na tandiko lake pamoja. Mpandaji akiwa mwepesi mno, vipande vya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Nimevishika mara nyingi vipande hivyo: vidogo, baridi, na ukimtandika navyo farasi mnyonge unaona mgongo unavyopokea. Mpandaji mwanafunzi hupunguziwa kilo kadhaa kwa ugeni wake. Farasi wa miaka mitatu akikutana na wakubwa naye hupunguziwa. Jedwali la uzito kwa umri lilipangwa na Admirali Henry Rous huko Uingereza katikati ya karne ya 19, na tunayoyatumia leo yametokana nalo.

Kanuni ya kukokotoa ni ya zamani na inafaa uishike. Urefu wa farasi mmoja ni kama mita 2.4. Kwenye mita 1000, kilo moja na theluthi hivi ni sawa na urefu mmoja. Kwenye mita 1600 ni pungufu kidogo ya kilo moja. Kwenye mita 2400, ambao ndio umbali wa Kenya Derby, ni nusu kilo na ushee. Kwa hiyo ukiona farasi alimshinda mwenzake kwa urefu wa tatu wiki nne zilizopita kwenye mita 1600, na leo ameongezewa kilo tatu huku mwenzake akibaki palepale, wale wawili kwenye karatasi wamekuwa sawa. Umati hauoni hivyo. Umati unaona tarakimu 1.

Halafu kuna kasi ya mbio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo jambo ambalo limenilipa kuliko yote. Farasi wana tabia. Kuna mtanguliaji, asiyetulia mpaka awe mbele. Kuna mviziaji, anayekaa nyuma ya kundi akasubiri. Kabla ya kila mbio jiulize: watanguliaji ni wangapi? Akiwa mmoja, atakwenda mbele kwa raha zake, mpandaji atamshika hatamu, atapumua kwenye kona, na kumkamata itakuwa kazi. Wakiwa watatu, watachomana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na nimeuona ukingo wenyewe mara nyingi, mita 200 kutoka mwisho, miguu ya aliyekuwa mbele ikianza kupanda na kushuka mahali pamoja kama anayekimbia kwenye matope.

Kentucky Derby ya 2022 ndiyo somo kubwa la miaka ya karibuni. Watanguliaji walitoka wakakata mita 400 za kwanza kwa sekunde 21.78, kasi ambayo mbio hizo hazijapata kuiona tangu zianze 1875. Rich Strike, aliyepata nafasi ya kukimbia siku moja tu kabla baada ya mwingine kuondolewa, alitoka kizimba namba 20 akakaa karibu na mkia wa kundi la farasi ishirini. Wa mbele walipokwisha, yeye alipita katikati yao kwenye mita za mwisho akashinda. Malipo yalikuwa 80 kwa 1. Sikuambii ununue farasi wa 80. Nimeshakueleza habari zao. Ninachosema ni kwamba aliyeihesabu ile kasi alikuwa na sababu ya kuwaogopa watanguliaji na kuwatazama waviziaji, na katika waviziaji wa siku ile wengine walikuwa na malipo ya kawaida kabisa.

Ardhi nitaipitia haraka. Ngong ni nyasi. Mvua ikinyesha wiki nzima, udongo unakuwa laini, kasi inapungua, na farasi mwepesi wa ardhi kavu hawi yule tena. Tafuta kwenye kitabu nani ameshawahi kufanya vizuri baada ya mvua. Kukiwa kukavu, usijisumbue na hili.

Nikuonyeshe sasa kwa mbio moja ya mfano, ya kubuni, uone mkono unavyokwenda. Handikapu ya mita 1600, farasi sita. Namba 1 ameshinda mbio yake iliyopita akiwa mbele mwanzo hadi mwisho, peke yake; leo ameongezewa kilo tatu. Namba 2 alikuwa wa pili siku ileile, nyuma yake kwa urefu wa tatu, akija kwa nguvu mwishoni, na uzito wake haujabadilika. Namba 3 na namba 5 ni watanguliaji ambao siku ile hawakuwepo. Namba 4 ni wa wastani, hana baya wala jema. Namba 6 amemaliza wa mwisho mara tatu.

Kabla sijatazama ubao nachukua kalamu. Mbio hii ingekimbiwa mara mia, kila mmoja angeshinda mara ngapi? Namba 1 nampa mara 30, kwa sababu bado ni farasi mzuri. Namba 2 nampa 25. Namba 3 na namba 4, 15 kila mmoja. Namba 5 kumi, namba 6 tano. Jumla lazima iwe mia, na jumla hiyo ndiyo inayokuzuia kujidanganya. Ukitaka kumwongeza unayempenda, sharti umnyang'anye mwingine. Halafu nagawanya mia kwa kila tarakimu. Namba 1 malipo yake ya haki ni 3.3. Namba 2 ni 4. Namba 3 na 4 ni 6.7. Namba 5 ni 10. Namba 6 ni 20.

Sasa natazama ubao. Namba 1 analipa 2. Namba 2 analipa 5.5. Namba 3 analipa 4.5, namba 4 analipa 6, namba 5 analipa 9, namba 6 analipa 15. Angalia kilichotokea. Namba 1 ndiye ninayeamini ana nafasi kubwa kuliko wote, na simnunui. Kila shilingi 100 nitakayomwekea, kwa hesabu yangu inarudi 60. Namba 2 kila 100 inarudi 137 na nusu. Wengine wote wako chini ya haki yao. Tiketi ni moja tu, namba 2, au hakuna.

Dada, hapo ndipo watu wengi hunikatalia. Wanasema, "Lakini mzee, si umesema namba 1 ndiye bora?" Ndiyo, nimesema. Mara 30 kati ya 100 atanipita na nitakuwa nimepoteza. Mara nyingine 45 atashinda mtu mwingine kabisa. Mara 25 nitalipwa tano na nusu. Fanya hivyo mwaka mzima ndipo utaona tofauti. Jumapili moja haiwezi kukuonyesha.

Na sharti uache nafasi ya kukosea. Labda namba 2 si mara 25 bali ni mara 20, kwa 5.5 bado inarudi 110 kwa kila mia, niko salama. Ikiwa ni mara 18, inarudi 99, nimeanza kuumia. Kwa hiyo mimi hudai malipo yazidi kipimo changu kwa theluthi nzima. Farasi ambaye malipo yake ya haki ni 4 simgusi akiwa 4.5. Umati nao una habari ambazo mimi sina, na hili wataalamu wakubwa wanalikiri. Bill Benter, Mmarekani aliyekwenda Hong Kong miaka ya 1980 na kompyuta na baadaye akapata mamilioni kwa mamilioni, aliandika mwaka 1994 kwamba hesabu zake peke yake hazikutosha. Zilimlipa alipozichanganya na malipo ya ubao. Kama wewe umempa farasi mara 25 na ubao unamwona ni mara 5, jiulize kwanza ni nini wenzako wanakijua.

Kabla ya tiketi kuna padoki, yaani kile kiwanja kidogo ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio. Usikae kwenye chakula wakati huo. Niliwahi kuwa saisi, mtunza farasi wa zizini, kwa miaka kumi na moja, na macho yangu bado yanaanzia miguuni. Mtazame farasi anapokupita kwa upande. Kwato ya nyuma ikikanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele, viungo vyake viko huru na mwili hauna maumivu. Ikikanyaga nyuma ya alama hiyo, hatua zikiwa fupi fupi, kuna kitu kimekaza. Tazama manyoya: yaliyolala na kung'aa kama maji ya mafuta yanatoka kwenye tumbo linalokula vizuri. Jasho jembamba shingoni siku ya jua si neno. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, huku saisi ananing'inia kwenye kamba na mkia unapigapiga, hiyo ni nguvu ya mbio inayomwagika kabla mbio hazijaanza. Masikio yakiwa mbele, yanatazama kila kitu, ni mnyama aliyetulia. Mimi situmii padoki kuchagua farasi mpya, kwa sababu mrembo wa padoki ni koti la kamera lile lile. Ninaitumia kumfuta niliyemchagua. Kama namba 2 wangu anatoa povu, pesa inabaki mfukoni.

Sasa shilingi zako 3,000. Nauli, kiingilio na chakula viwe pembeni, visihesabiwe humo. Iwe pesa ambayo ikipotea yote Jumatatu unafungua kibanda kama kawaida. Pesa ya robota lijalo isiingie uwanjani. Kuna kanuni ya John Kelly, mhandisi wa Bell Labs, ya mwaka 1956, inayosema uweke sehemu ya mtaji kulingana na ukubwa wa faida unayoiona. Kwa namba 2 wetu wa mfano: chukua 137.5 toa 100, inabaki 37.5, gawanya kwa faida ya tiketi ikishinda, yaani 450 kwa kila 100, unapata asilimia 8 na kidogo. Kwa 3,000 hiyo ni shilingi 250. Lakini Kelly inadhani kipimo chako ni sahihi, na cha mgeni si sahihi. Weka nusu yake, kama 120 au 130. Najua zinaonekana ndogo. Ndizo hizo. Ukipoteza mbio tatu bado una zaidi ya 2,600 na akili yako ipo.

Kwa sababu utapoteza. Hata ukiwa bingwa wa kuchagua farasi wenye nafasi moja kati ya nne, siku ambayo tiketi saba mfululizo zote zinakufa hutokea karibu mara moja katika kila siku saba au nane. Hakuna aliyekuroga na hakuna aliyepanga mbio. Kosa huja pale mtu anapoongeza dau mbio ya mwisho "kurudisha zile". Mbio ya saba haijui umepoteza nini kwenye ya tatu. Ukiona mkono unakwenda kwenye pochi kwa hasira, siku imekwisha hapo. Na ikija kuwa unakwenda kila wiki na unaficha nyumbani umetumia ngapi, acha, na umwambie mtu unayemwamini.

Dau za kuchanganya nazo utaona zimeandikwa dirishani. Kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio kwenye farasi sita kuna njia 30. Wa kwanza hadi wa tatu kuna njia 120. Malipo yanapendeza, fungu la nyumba ni kubwa, na kosa moja dogo la kipimo linajizidisha mara mbili, mara tatu. Kwa Jumapili yako ya kwanza nunua mshindi tu.

Nimebakiza kijana wa simu. Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kuna farasi mmoja niliyemtunza, jina lake nitaliacha, dume jekundu mwenye doa jeupe usoni. Nilimjua kuliko ndugu zangu. Usiku mmoja kabla ya mbio nilikuta bakuli lake la chakula lina nusu, na farasi yule hakuwa wa kuacha hata punje. Nilipopapasa mguu wa mbele, chini ya goti, kano ilikuwa na joto kidogo kuliko ya mguu wa pili. Nilimwambia mkufunzi, akamwondoa. Hiyo ndiyo habari ya ndani, dada. Saisi anajua kama farasi wake ni mgonjwa. Kwamba ni mzima, anajua pia. Lakini hajui usiku ule bakuli za mazizi mengine zilikuwaje, wala hajui nani atamchoma nani kwenye kona. Tulikuwa masaisi wengi, na Jumapili asubuhi kila mmoja aliamini wake anashinda. Anayekwambia ana uhakika kutoka mazizini anakuuzia upendo wa saisi mmoja kwa farasi mmoja, kama kweli hata anamjua saisi. Na wengi wa vijana hao wana mbinu nyingine: wanampa mteja wa kwanza namba 1, wa pili namba 2, mpaka namba zinaisha. Mmoja lazima apate, na huyo ndiye atakayemsifu na kulipa tena wiki ijayo.

Basi Jumamosi jioni ukishafunga kibanda kaa na kitabu cha mbio. Piga msitari kwenye mbio ambazo huzielewi, hasa za farasi wachanga ambao hawajakimbia. Zitabaki mbili tatu. Hizo zigawie mia yako kwa kalamu na uandike pembeni ya kila jina malipo unayoyataka, na theluthi juu yake. Jumapili nenda padoki, simama karibu na uzio upande farasi wanakopita, tazama kwato. Wapandaji wakishapanda, rudi utazame ubao kwa mara ya mwisho. Farasi wako akiwa bado analipa kile ulichoandika, nunua tiketi yako ya 120. Akiwa ameshuka chini yake, rudisha pesa kwenye pochi, shuka mpaka kwenye uzio wa mita 200 za mwisho, umtazame mwenyeji wako anavyopiga kelele, na usikilize ardhi wanapopita.